Iulize Mashine Kabla Hujaifungua

Maji yakishatoka pwani ya kijiji chetu cha wavuvi, Tumbe, mashua na boti hulala ubavu mchangani, na hapo ndipo matengenezo huanza. Mmoja kavua mfuniko wa mashine, wawili wanavuta kamba kwa zamu, wanne wamesimama wanatoa rai. "Plagi hiyo." "Kabureta imeingia mchanga." "Ami, ringi zimekwisha, usijichoshe, katafute nyengine." Saa moja baadaye kabureta imelala juu ya gunia vipande vipande, skrubu mbili zimemezwa na mchanga, na hakuna hata mmoja aliyegusa ile skrubu ndogo ya kupumulia iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Ilifungwa jana usiku wakati wa kupakua samaki, haikufunguliwa tena.

Nimeyaona hayo mara nyingi mno, ndiyo maana nakuandikia wewe mwenye mashine kuukuu. Nakusudia zile mashine za kupachika za mipigo miwili, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, za nguvu za farasi 15 mpaka 40: Yamaha Enduro, Suzuki DT na jamaa zao. Ulaya na Marekani sheria za moshi zimezibana mpaka zikatoka madukani. Kwetu sisi ndizo zinazofikisha dagaa na nguru mnadani kabla ya jua kuwaharibu. Ya farasi 15 ina uzito wa kilo 36 hivi, kijana mmoja huibeba begani kutoka nyumbani mpaka chomboni. Haina kompyuta wala kificho. Karibu kila kilichomo ndani yake kinafikiwa kwa spana, bisibisi na subira, na mtu aliyekaa nayo vizuri huweza kuirithisha.

Ninalotaka kukwambia ni moja. Mashine nyingi zinazoambiwa zimekufa hazijafa ndani. Zimeugua mafuta au chumvi, na maradhi yote mawili huanzia nje. Anza basi nje, kwenye kitu cha bei ndogo, ndipo usogee ndani pole pole, na usibadilishe kifaa mpaka mashine yenyewe iwe imekupa ushahidi. Fundi wa mashua hang'oi ubao kwa kuwa tu chombo kinavuja. Hupitisha kidole kwenye mshono, hutazama kalafati ilipolegea, hungojea chombo kikiwa juu aone maji yaliyobaki ndani yanatokea wapi. Pwani hii imekaliwa na watu wa bahari tangu karne ya 7. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameyakuta hapa hapa Tumbe mabaki ya makazi ya wakati huo, na jirani yake, Chwaka, magofu ya mji uliofuata. Jicho la kutazama chombo ni la zamani kuliko petroli. Linahitaji tu kusogezwa kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma.

Ilikufaje?

Kabla ya kushika spana, muulize aliyekuwa tezini: ilikufaje? Mwache amalize kusema. Usimkatize kwa jibu lako.

Akikwambia ilizimika ghafla, kama taa iliyozimwa, bila kukohoa, tafuta upande wa moto: swichi ya kuzimia, waya, koili. Petroli haiishi kwa mkupuo. Hata bomba likiziba, kabureta ina akiba ya kuipeleka mashine mbele kidogo. Akikwambia ilififia, ikakohoa, ikashika tena, ikafa, hiyo ni njaa ya mafuta. Akikwambia ilikuwa nzito, ikanuka rangi iliyoungua, na sasa kamba haivutiki, hilo ni joto, na hapo usivute kwa ubavu. Iache ipoe yenyewe, vua plagi, tia oili kidogo kwenye matundu yake, kisha ujaribu kuizungusha kwa upole. Na akikwambia inanguruma vizuri lakini chombo hakiendi, basi kichwa cha mashine ni kizima kabisa. Tatizo liko chini majini.

Swali la pili: nini kiliguswa mwisho? Petroli imenunuliwa wapi jana, nani alifungua mfuniko juzi, plagi zilibadilishwa lini? Kilichoguswa mwisho ndicho cha kwanza kushukiwa. Mara nyingi utakuta kofia ya plagi haikukazwa, au mpira wa mafuta umepindwa chini ya dumu la barafu.

Mafuta

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ugonjwa ulipo.

Kuna mtihani ninaoupenda kuliko yote kwa kuwa hauhitaji chombo chochote cha kazi na hufanyika baharini. Mashine ikianza kufifia, mwenzio aubonyeze ule mpira wa pampu ulio kati ya tangi na mashine. Ikifufuka na ikaendelea maadamu anabonyeza, umepata habari kubwa: moto upo, mgandamizo upo, kabureta inafanya kazi. Kinachokosekana ni mafuta kufika yenyewe. Shuku ngozi ya pampu ndogo ya mafuta iliyo ubavuni mwa mashine, ambayo hukakamaa na kupasuka kwa uzee, au chujio lililojaa uchafu, au mpira unaonyonya hewa. Ngozi ya pampu ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu chochote utakachoambiwa ununue.

Utazame ule mpira wa pampu wenyewe pia. Ukiukuta umenyonywa ukalala bapa, mafuta yanazuiliwa kabla ya kuufikia: skrubu ya kupumulia imefungwa, au bomba la ndani ya tangi limeziba. Ukibonyeza na ukibonyeza nao haukazi, hewa inaingia mahali. Pitisha mkono kwenye kila kibano, na uichunguze ile ringi ya mpira iliyo ndani ya kiungio kinachobanwa kwenye mashine. Ikipasuka kidogo tu, hewa huingia badala ya petroli. Ukikaza sawa sawa na mashine haipati kitu, huenda sindano ya kabureta imeganda kwenye kiti chake. Unapobonyeza, mshale ulioandikwa kwenye mpira uelekee mashine, na uusimamishe wima. Nimeona mtu ameurudisha kinyume baada ya kubadilisha vibano, akaamini mashine imekwisha.

Kisha petroli yenyewe. Mafuta ya mvuvi hupita mikono mingi: kutoka kituoni kwenda kwenye dumu, kutoka dumu hili kwenda lile, kutoka dumu kwenda tangini. Kila kumimina ni nafasi ya maji na mchanga. Tangi lililobakia nusu usiku kucha hutoa jasho ndani, na jasho hilo ni maji. Chota kutoka chini kabisa ya tangi, tia kwenye chupa ya kioo, uiache dakika chache. Maji ni mazito, yatashuka na kukaa chini kama shanga. Na kabla ya kuchanganya oili, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hupanda ikapotea. Ikibaki alama ya mafuta, umeuziwa iliyotiwa mafuta ya taa. Zipo mashine zilizoundwa kutumia mafuta ya taa, huwashwa kwa petroli kisha hubadilishwa, lakini ya petroli tupu ikilishwa mafuta ya taa hugonga, huchafua plagi, na hupata joto lisilo lake.

Kuchanganya oili si jambo la kukisia kwa kifuniko. Nyingi ya mashine hizi zinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli: mililita 100 kwa lita 5, mililita 400 kwa lita 20, nusu lita kwa lita 25. Soma maandishi ya mashine yako, maana zilizo kongwe zaidi, na za mafuta ya taa, zina kipimo kingine. Oili iwe ya mashine za boti. Chupa huandikwa TC-W3. Oili ya injini ya gari haikutengenezwa kuungua pamoja na petroli. Wapo wanaozidisha oili kwa nia njema ili mashine "isikauke". Kinachotokea ni moshi, plagi zilizolowa na masizi yanayozifunga ringi. Kupunguza oili kwa kubana matumizi ni kubaya zaidi, kwa sababu hapo hakuna onyo. Pistoni husaga ukuta wa silinda, na safari huishia hapo.

Sasa kabureta. Dalili yake iko wazi: mashine inakubali kuwaka na kwenda choki ikiwa imefungwa tu, ukiifungua inakufa. Maana yake inapata hewa nyingi na mafuta machache, na sababu ya kawaida ni tundu la jeti lililozibwa na utando wa petroli iliyokauka, au tone la maji lililokaa chini ya bakuli. Usiifungue mchangani. Ipeleke nyumbani, uifungulie ndani ya sinia kubwa, chini yake kitambaa cheupe. Kabla ya kutoa skrubu yoyote ya kurekebishia, izungushe ndani taratibu mpaka igote, ukihesabu mizunguko, uandike. Wakati wa kurudisha utaianzia hapo hapo. Jeti ni ya shaba laini, ina tundu lililopimwa. Ukilichokonoa kwa waya wa chuma utalipanua, na kabureta haitarudi kuwa ile. Tumia uzi wa mshipi wa nailoni, ambao kila nyumba ya Tumbe inao, kisha upulize. Nyanyua boya uone linapanda na kushuka bila kukwama, na ukilitikisa yasisikike mafuta ndani yake.

Kazi hii ni ile ile kwa mashine zote zenye kabureta. Datsun 240Z, gari la michezo lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, lilipumua kwa kabureta mbili, na mwenye kulitunza hadi leo hupambana na mambo haya haya: utando wa petroli, hewa inayopenya penye gasketi, mngurumo wa polepole usiotulia. Tofauti ni kwamba gari likikufia njiani unaweza kushuka ukatembea.

Moto

Ukiwa na uhakika wa mafuta, nenda kwenye moto, na uanze na kile kikamba chekundu cha kujifunga mkononi. Klipu yake isipokaa sawa kwenye swichi, mashine haitawaka ng'o. Hilo litakuokolea aibu ya kufungua vitu mbele za watu.

Kisha vua plagi zote, kila moja irudishe kwenye kofia yake, ugusishe chuma chake na chuma cha mashine kisicho na rangi. Kabla ya hapo sogeza tangi mbali na ukaushe petroli iliyomwagika. Unakaribia kuwasha cheche hewani, na wapo waliochomeka nyuso kwa kusahau hilo. Mwenzio avute kamba. Unataka cheche ya buluu inayolia. Mchana wa jua huioni, kwa hiyo fanya kivuli kwa shuka au ngojea magharibi. Usiishike plagi kwa mkono mtupu.

Plagi zote zikikosa cheche, usikimbilie koili. Mashine hizi huzimwa kwa kuupeleka moto kwenye bodi badala ya plagi, na hiyo ndiyo kazi ya kitufe cha kuzimia. Chumvi ikiingia kwenye swichi, ikaunganisha nyaya mbili ndani, mashine inakuwa inazimwa muda wote, hata kabla haijawaka. Chomoa ule waya wa swichi unaoingia kwenye kisanduku cha moto, ujaribu tena. Cheche ikirudi, koili yako ni nzima, swichi ndiyo mbovu. Unaweza kurudi nyumbani namna hiyo, ukiizima mashine kwa choki, lakini usivue usiku mzima bila swichi. Nahodha akitupwa nje na wimbi, ile kamba ya mkononi ndiyo pekee inayoizuia mashine isimrudie.

Cheche ikikosekana kwa silinda moja tu, badilishana plagi baina ya silinda mbili. Ubaya ukihama na plagi, umeshapata. Usipohama, endelea na kofia na waya wake, ambao huoza ndani ilhali kwa nje ni mzuri. Kata nusu sentimita ya ncha iliyoota kijani, uirudishe. Wengine hutafuta silinda iliyokufa kwa kuchomoa kofia moja moja mashine ikinguruma. Nakuomba usifanye hivyo. Inarusha umeme mkali, na moto usio na pa kutokea unaweza kuiharibu koili. Ipo njia salama zaidi: iache ingurume dakika chache ikiwa ndani ya maji, uizime, udondoshe tone la maji chini ya kila plagi. Penye silinda iliyofanya kazi tone litakauka upesi. Penye iliyolala litakaa linakutazama.

Na plagi ikiwa mkononi, isome. Rangi ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi iliyolowa ina maana ya oili nyingi, choki iliyokwama, au moto usiofika. Nyeupe kama chokaa, yenye malengelenge, ni joto na njaa ya mafuta. Hewa inaingia mahali, au jeti imeziba. Ukiona vinukta vinavyong'aa kama fedha, hiyo ni alumini ya pistoni inayeyuka. Usiiwashe tena mpaka umejua kwa nini.

Ya mgandamizo ni machache. Azima geji kwa fundi, vua plagi zote, fungua mafuta mpaka mwisho, vuta mara nne au tano kwa kila silinda. Namba yenyewe si muhimu kama usawa: silinda mbili zisipishane zaidi ya sehemu 1 ya 10. Iliyo chini, itie kijiko cha oili uipime tena. Ikipanda, ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, tazama gasketi ya kichwa. Hapo, na hapo tu, ndipo mazungumzo ya kufungua mashine yanapokuwa halali.

Maji

Mashine ikiwaka, jambo la kwanza kutazama ni mkojo wake, ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma. Usipouona ndani ya nusu dakika, zima. Chukua uzi mnene wa mshipi, uchokoe tundu linapotokea. Chumvi, mchanga, hata nyumba ya mdudu huliziba mashine ikikaa nchi kavu. Kisha tazama vichujio vya kuingizia maji kwenye mguu, maana mfuko wa plastiki au mwani unatosha kuvifunika.

Vikiwa safi na mchirizi haupo, ni impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu. Pwani yetu ni ya maji machache, na kila chombo kinachoondoka kabla maji hayajajaa huivuta michanga ndani. Michanga huinyoa impela. Kuibadilisha ni kazi ya saa moja: tenganisha fimbo ya gia, legeza boliti za mguu, ushushe mguu wote, fungua nyumba ya pampu. Impela mpya izungushe upande wa mwendo wa saa inapoingia ili mabawa yake yalale sawa. Usisahau kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikiza kwenye shafti; bila hicho shafti itazunguka na impela itakaa kimya, nawe utasema umeuziwa bandia. Kama mabawa ya ile ya zamani yamekatika, vipande vyake viko mahali. Vitafute kwenye bomba kabla hujafunga, la sivyo vitakwenda kuziba juu.

Na ikiwa mashine imeshapata joto, usiimwagie maji ya bahari kichwani. Chuma cha moto kikipigwa na baridi ghafla hupinda au hupasuka, na hapo umebadilisha tatizo la impela kuwa tatizo la mashine nzima.

Hata mashine isiyo na tatizo hujaa chumvi kwenye mapito yake, kidogo kidogo, kama sufuria la chai lisilosuguliwa. Dawa yake ni pipa. Pipa la lita 200 lililokatwa juu, maji matamu yafike juu ya lile bamba lililo juu ya propela, mashine ingurume polepole dakika 10 au 15, gia ikiwa huru. Usiiwashe nje ya maji hata kwa kusikiliza sauti tu: impela hulainishwa na maji hayo hayo inayoyasukuma, na ikikauka huungua upesi. Najua maji matamu yana kazi nyingine nyumbani. Pipa moja linaweza kutumiwa na wenye mashine watatu au wanne, mradi mbadilishe maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi. Na kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu kisipakwe rangi kamwe. Kipo ili kiliwe na chumvi badala ya alumini. Kikipakwa rangi, chumvi itatafuta kingine.

Chini ya maji

Nirudi kwenye ile inayonguruma bila kwenda. Ndogo zina pini inayokatika kwa makusudi propela ikigonga mwamba. Iangalie hiyo kwanza, na uwe na mbili za akiba zilizofungwa kwa utepe ndani ya mfuniko. Usitie msumari badala yake. Msumari hautakatika, zitakatika gia.

Kubwa zaidi zina mpira kati ya kitovu cha propela na mabawa, na mpira huo ukichoka huteleza. Piga mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu mpaka kwenye mabawa, nenda ukafungue mafuta kwa nguvu kidogo, urudi utazame. Mstari ukiwa umeachana, propela inateleza, na mashine haina hatia.

Ukishaivua propela, tazama nyuma yake. Uzi wa mshipi au wa wavu ulionaswa hujizungusha pale ukajificha, hukata sili ya shafti, na maji ya bahari huingia kwenye oili ya gia. Katika kijiji cha wavuvi hii ni sababu ya kawaida ya gia kufa. Kila baada ya giza moja la dagaa, zile siku zisizo na mwezi, legeza skrubu ya chini ya mguu udondoshe matone machache. Oili safi ni yenye kung'aa. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Badilisha sili kabla ya safari nyingine. Unapojaza, sukuma oili kutokea tundu la chini mpaka itoke la juu, ili hewa isibakie ndani.

Mashine iliyozama

Hutokea hasa wakati wa kusi: kibano kimelegea, wimbi limepiga tezi, mashine imekwenda chini nayo ikavuliwa kwa kamba saa mbili baadaye. Hapo watu hufanya kosa la huruma. Huiweka juani ikauke. Chumvi na hewa ndani ya beringi za chuma hazihitaji zaidi ya usiku mmoja. Asubuhi kamba haitavutika.

Mashine hiyo ina saa chache tu, na saa hizo zinaanza pale inapotoka majini. Kama ilizama ikiwa inakwenda, kwanza izungushe kwa mkono taratibu. Ikikwama au ikikwaruza usilazimishe, huenda mkono wa pistoni umepinda kwa kusukuma maji, na hiyo ni ya fundi. Ikizunguka, ioshe yote kwa maji matamu, nje na ndani ya mfuniko. Vua plagi. Ilaze matundu ya plagi yakitazama chini, uvute kamba mpaka maji yasitoke tena. Mwaga petroli yote ya kwenye kabureta na mipira, usiamini hata kikombe kimoja. Tia oili ile ile ya TC-W3 kwenye matundu ya plagi na kwenye mdomo wa kabureta, uzungushe ili ienee. Kausha kofia za plagi na viungio vya nyaya kwa kitambaa, weka plagi mpya, tia mafuta mapya, uiwashe ndani ya pipa.

Ikikataa, rudia kumwaga na kukausha plagi. Mara ya tatu au ya nne mara nyingi hushika. Ikikubali, usiizime kwa furaha. Iache saa nzima, polepole, mpaka joto lake lenyewe liufukuze unyevu uliojificha kwenye beringi. Na ukiwa mbali na fundi, huna zana wala oili, iache hapo hapo ndani ya pipa la maji matamu, izame kabisa, mpaka utakapokuwa tayari. Ndani ya maji matamu itakungojea vizuri zaidi kuliko juani.